Dubwana na Maji ya Al Qabil

Siku ya mwisho ya azaa ya Ami Nasor, ndugu wa baba yangu, wanawake walipokuwa wameshapungua na kahawa imeanza kupoa kwenye mabirika, mjukuu wangu Muna alitumwa stoo akaangalie kama kuna majamvi zaidi. Akarudi hana jamvi. Alikuwa amekumbatia dude jeusi limejaa vumbi, akaliweka katikati ya chumba, mbele ya watu waliokuja kutoa rambirambi. "Bibi, kitu hii nini?" akaniuliza. "Ina mdomo." Umm Said, mke wa marehemu Ami, alikuwa amekaa pembeni ndani ya nguo zake za eda, na tangu asubuhi hakuwa amesema neno ila kuitikia dua. Akanyoosha shingo, akaliangalia lile dude, akasema kwa Kiswahili chake ambacho alijifunzia ukubwani humu humu ndani ya nyumba: "Hiyo video. Hiyo ya Bi Mize. Ya dubwana." Mama mmoja wa makamo alicheka, akajifunika mdomo kwa mtandio, akaleta istighfari. Wengine wakatazamana. Wengi wao hawakumjua Bi Mize, wala hawakujua mjane anasema nini juu ya dubwana na mumewe hajatimiza wiki kaburini. Mimi nilijua. Nilikaa pale na kikombe mkononi, nikahisi chumba kimerudi nyuma miaka arubaini na kitu, mpaka harufu ya lubani ikawa ya mwaka ule.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoletwa hapa Ibra, Omani, kumsindikiza Bi Mize, mama yake Ami na bibi yangu mimi. Sharti lilikuwa wazi, na halikuhitaji kuandikwa. Mimi nilikuwa fimbo yake. Yeye akikaa, nakaa. Akiamua kurudi Pemba, narudi naye, kwa sababu bibi kizee hasafirishwi peke yake na nyumba ya Ami haikuwa na mtu mwingine wa kumtoa. Ami alikuwa ameshanipatia nafasi katika skuli ya wasichana, na kila asubuhi niliondoka na vitabu vyangu nikijua kwamba nafasi ile haining'inii kwangu. Ilining'inia kwenye sanduku la Bi Mize. Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, limefungwa kamba ya usumba wa nazi mara mbili kwa mapana na mara moja kwa marefu, na tangu siku tuliyofika hakuwa amelifungua. Alivaa nguo zilizokuwa kwenye kikapu cha safari. Akizifua anazianika kwenye mdimu uani, zikikauka anazivaa tena. Umm Said alimnunulia nguo mpya. Bi Mize akazipokea kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu, akaziweka juu ya sanduku lililofungwa.

Chumba chetu kilikuwa na zulia jekundu na mashine ya baridi iliyokuwa ikikoroma kutwa. Bi Mize aliiogopa kidogo. Alijifunika kanga mbili na kusema kwamba kuna watu wanalipa nauli kwenda Makka kutafuta joto la ibada, na hapa watu wanalitoa joto nje kwa mashine. Chakula kililetwa kwenye sinia moja: wali, samaki mkavu aliyepondwa na ndimu, na mkate mwembamba wa Kiomani ambao Umm Said aliupaka kwenye bamba la moto kwa mkono mtupu. "Mkate gani huu," Bi Mize alisema mara ya kwanza, akiuinua kwenye mwanga, "unamwona mtu aliye upande wa pili." Umm Said, ambaye wakati huo hakujua Kiswahili hata neno la kuombea maji, alidhani anausifu, akamwongezea miwili. Ndivyo walivyoishi wale wanawake wawili. Mmoja alisema, mwengine alicheka, kisha huyu akacheka kwa kuwa yule kacheka, na chakula kililika. Nikifikiria sasa, naona sikuwahi kuona mapenzi ya aina ile tena, ya watu wasioelewana hata kidogo. Lakini wakati ule sikuyaita mapenzi. Niliyaona kama kelele tu ndani ya nyumba ambayo sikujua kama ni yetu.

Ami alifanya kazi Maskati na alirudi Jumatano jioni. Siku moja ya Alkhamisi nilikuwa uani nachambua mchele, nikawasikia yeye na mama yake ndani.

"Mama, mbona sanduku halijafunguliwa?"

"Mgeni hafungui sanduku, mwanangu."

"Mgeni kwangu mimi?"

"Kwako si mgeni. Kwa nchi ndiyo."

"Nchi hii ndiyo ya baba yako, Mama. Watu wake wote walitoka hapa."

"Baba yangu kazikwa Wete. Kama nchi yake ni hii, mbona yeye yuko kule?"

Nilimsikia Ami akiweka kikombe chini. Kisha akasema kwa sauti ya mtoto anayebembeleza, "Basi subiri mpaka tende zivunwe." Na Bi Mize akasema, "Zikivunwa naondoka. Wako watu wa Wete wanarudi, n'shazungumza nao. Tutafuatana nao, mimi na Zuwena." Zuwena ni mimi. Niliposikia jina langu mkono ulisimama juu ya ungo, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na huzuni au furaha. Skuli nilikuwa naipenda. Nyumbani pia nilikuwa nakuota kila siku. Nilitamani mambo mawili kwa wakati mmoja na nikashindwa kujua lipi ni la kumwomba Mungu. Kwa hiyo nikawa namwomba anipe lenye kheri, dua ya mtu asiyejua anachokitaka, na nashukuru kwamba ni dua isiyokataliwa.

Ndipo ile video ikaja. Ami aliileta kutoka Maskati pamoja na ukanda mmoja, kwa ajili ya watoto wake wadogo, kisha akarudi zake kazini. Mashine ikawekwa kwenye chumba cha wanawake, ikafunikwa kitambaa cha darizi utadhani ni mwali. Ule ukanda ulikuwa wa filamu ya Wajapani, ya katuni, moja katika filamu zao za dubwana ambazo nasikia walikuwa wakizitoa hata kabla sijazaliwa. Wametiwa maneno ya Kiarabu, tena kile Kiarabu fasaha cha vitabuni. Umm Said alikifahamu. Lakini angemfahamishaje Bi Mize? Mtu pekee aliyekuwa na Kiswahili na Kiarabu katika nyumba ile, mchana Ami asipokuwepo, nilikuwa mimi. Na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni. Nilikuwa nimehitimu Qur'ani na kusoma vitabu vya fiqhi kidogo kwa mwalimu wetu, basi. Mtu akitaja bahari, mimi nilijua bahari moja, ile iliyopasuka. Akitaja samaki, nilijua mmoja, aliyemmeza nabii. Moto nilijua ni moto gani. Watu wa mji, nilijua yaliyowapata.

Basi baada ya sala ya Alasiri tulikaa, Bi Mize kwenye takia, Umm Said na watoto chini, mimi karibu na kioo cha televisheni, na nikawa nafasiri. Filamu ilianza na kisiwa chenye mlima unaotoa moshi. Chini ya bahari limelala dubwana, kubwa kuliko mlima wenyewe, lina magamba na mgongo kama msumeno. Meli zinapita juu yake na kelele, mpaka linaamka. Linatoka majini, linakwenda nchi kavu, linakanyaga nyumba. Kuna mzee wa ndevu anayesimama mbele ya watu akisema maneno mengi kwa sauti nzito. Mimi katika maneno yake nilidaka "bahari" na "moto" na "saa", ambayo kwangu ilikuwa ile ya Kiyama, nikamwambia Bi Mize kwamba mzee anawaonya kaumu yake. Bi Mize akaitikia, "Na wao hawasikii." Nikasema, "Hawasikii." Na kweli hawakusikia, maana dubwana lilikuja likawapiga. Kila nilichofasiri kikawa kinatimia kwenye picha, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Ningekosea waziwazi ningenyamaza.

Kulikuwa na msichana mdogo katika filamu ile ambaye kila mara alilikimbilia dubwana na kulipigia kelele. Bi Mize hakumpenda mwanzo. "Huyu mbona hana mtandio?"

"Bado mtoto, Bi Mize."

"Mtoto gani, mdomo wake unalishinda shetani lenyewe."

"Anaomba lirudi kwao."

"Kwao wapi?"

Sikujua. Kisiwa chake kilikuwa kimeungua kwa ule mlima. Nikamwambia, "Kisiwa chake kimeungua." Bi Mize aliuvuta ukingo wa kanga, akauweka mdomoni, akaliangalia lile dubwana lililosimama katikati ya mji wa watu, halijui pa kuweka mguu bila ya kuvunja kitu. Baadaye sana alisema, si kwangu, bali kwa kile kioo, "Maskini. Limekuwa kubwa, kila linapokaa linabomoa."

Na mwisho wake ulikuwa huu. Dubwana linafika ufukweni. Nyuma yake mji unawaka, mbele yake bahari. Yule msichana anasimama kwenye mchanga. Dubwana linainama, linafungua mdomo, na watu wote mle chumbani tunavuta pumzi. Kisha kioo kinacheza kidogo, mistari miwili mitatu inapita, na yanatokea maji. Si ya bahari. Maji membamba, safi, yanapita kwenye mfereji wa mawe chini ya mitende. Mzee wa kanzu, mwenye kilemba, miguu mitupu, anainama na kutoa tambara na jiwe kwenye tundu la mfereji, maji yanaingia shambani, na ardhi inabadilika rangi. Anayesimulia anazungumza kwa upole: maji, ardhi, mitende, riziki, uhai. Hapo nilifahamu kila neno. Hakuna neno hata moja lililonipita. Nikalifasiri lote mbiombio, nikiona fahari, mpaka machozi yalinijia, na Bi Mize akasema, "Alhamdulillahi. Limetulia." Kisha ukanda ukaisha.

Sisi hatukuwa wajinga wa televisheni. Nyumbani tuliiona, watu wamejazana kwenye ukumbi. Lakini hatukuwa tunajua kwamba ukanda wa video ni kama kibao cha chuoni, ambapo mtu anaweza kuandika juu ya maandishi ya mwenziwe, na wa mwanzo asijulikane alikuwa anasema nini. Tuliona kitu kimoja kinaanza na kumalizika. Tuliuangalia ukanda ule jioni nyingi, na kila mara dubwana lilifika ufukweni, likafungua mdomo, na maji yakatoka. Bi Mize alianza kuwaalika majirani. Alimwelezea mke wa imamu kwa ishara, na mke wa imamu akatazama mpaka mwisho kwa heshima, akanong'ona na Umm Said, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikujua wanacheka nini. Nilidhani wanamcheka yule msichana asiye na mtandio.

Siku moja Bi Mize aliuliza, "Huyu mzee anayefungua maji, jina lake nani?" Sikusikia akitajwa. Umm Said aliona tunamwonyesha kidole yule mzee, akainuka, akaweka kiganja chake juu ya kioo na kusema neno ambalo hata mimi nililielewa: baba yangu. Nikamwambia Bi Mize, "Anasema huyo ni baba yake." Bi Mize alimwangalia mkamwana wake kwa muda mrefu, kama anayemwona leo. "Baba yake yumo mle? Na lile dubwana?" Nikamuuliza Umm Said kwa Kiarabu changu, huyu mzee anakaa mji gani. "Al Qabil," akasema, na akaonyesha upande wa kusini kwa mkono, kama vile ni nyumba ya pili. Bi Mize akasema, "Mwambie nataka kwenda."

Tulikwenda siku tende zilipokuwa zimeanza kuiva, Ami yuko kazini. Kaka yake Umm Said alitupakia kwenye pikapu alipokuwa anarudi kutoka soko la Sinaw, sisi watatu mbele tumebanana, nyuma mbuzi wawili waliolia njia nzima. Bi Mize alivaa moja ya zile nguo mpya. Nilikaa nimeshika mkono wake, nikihesabu moyoni siku zilizobaki kabla ya watu wa Wete kuondoka, na kila nikihesabu napotea, naanza upya.

Mzee Khalfan, baba yake Umm Said, alikuwa vile vile kama kwenye kioo, ila mdogo zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia zamu za maji ya falaji pale kwao, ule mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima. Alitukaribisha kwenye jamvi chini ya kivuli cha ukuta, akaleta tende na kahawa. Bi Mize hakujua kwamba kule kikombe usipokitikisa unatiliwa tena. Alikunywa kwa adabu, akarudisha, kikatiliwa, akanywa, akarudisha, kikatiliwa. "Mwambie moyo wangu utapasuka," aliniambia bila ya kuacha kutabasamu. Umm Said akamshika kifundo cha mkono, akakitikisa kikombe yeye, na mzee akacheka kimyakimya, meno mawili tu.

Kisha Bi Mize akaweka mikono mapajani na kusema, "Zuwena, muulize. Lile dubwana lilipofika hapa, mlifanya nini?"

Sikuwa na namna ya kulisema hilo ila kwa maneno niliyokuwa nayo. Nikasema kwa Kiarabu cha chuoni, kila neno na irabu yake, nikihisi masikio yanawaka: Ewe mzee wetu, kile kiumbe kikubwa kilichokuja na mngurumo, kikaharibu majumba, kilipokufikieni, mlifanya nini? Mzee Khalfan aliacha kutafuna. Alimwangalia binti yake. Umm Said aliangalia chini, anachezea ushanga. Mzee akajibu polepole, akinihurumia, na nikamfahamu. Alisema: Kilikuja. Tulikisikia kabla ya kukiona. Kilivunja mfereji, kikachukua mitende ya babu zangu na nyumba za chini. Watu wengine walihama, hawakurudi. Sisi tulipanda juu tukangoja. Kitu kama kile hakipigwi wala hakizuiwi. Kinapita. Kikishapita unashuka, unatoa mawe, jiwe kwa jiwe, na maji yanarudi.

Nikamfasiria Bi Mize. Alisikiliza kichwa kimeinama. "Na waliohama," akauliza, "wakirudi leo wanapewa maji?"

Mzee Khalfan akainuka, akatupeleka nyuma ya ukuta, pale falaji inapotokeza kwanza kabla ya kufika shamba la mtu yeyote. Akasema kwamba chini huko kila mtu ana zamu yake, na mtu asiye na zamu hamwagilii hata mtende mmoja. Lakini hapa juu maji ni ya kunywa, na maji ya kunywa hayana zamu. Mwenyeji na mgeni, aliyezaliwa hapa na aliyekuja leo, wote wanakunywa kabla ya mashamba. Ndivyo walivyoikuta kwa wazee wao. Bi Mize alivua viatu. Alichutama pale kwenye jiwe lililokwaruzika kwa magoti ya watu, akasema bismillahi, akateka kwa viganja, akanywa. Akateka tena. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika viatu vyake, na kichwani mwangu hakuna kilichokaa mahali pake. Dubwana lilikuwa picha, nililijua hilo. Mzee alikuwa mtu wa kweli, kanisalimia, mkono wake mgumu. Vipi picha ilivunja mitende yake? Nilidhani labda Wajapani walisikia kisa cha Al Qabil wakakitia katika filamu. Nilidhani labda mimi sijui Kiarabu kabisa. Nilidhani mambo mengi, na hakuna nililothubutu kuuliza, kwa sababu Bi Mize alikuwa bado anakunywa.

Watu wa Wete walipokuja kuaga Bi Mize aliwapa salamu za mdomo na kilo za tende, akawaambia wamwachie kuku wake jirani. Mimi nilikuwa mlangoni nasikia, nisiamini. Asubuhi moja nilitoka uani kwenda skuli nikakuta kamba ya usumba imetandwa kutoka kwenye mdimu mpaka kwenye ndoana ya ukuta, na nguo zake zote za kutoka Pemba zimeanikwa juu yake, zinapungwa upepo. Ami aliporudi Jumatano alisimama mbele ya ile kamba kwa muda mrefu, begi bado liko mkononi. "Mama kasema nini?" aliniuliza. Nikamwambia, "Kasema limetulia." Ami akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Yeye filamu ile hakuwahi kukaa kuitazama, kazi yake ilikuwa kuileta. Mwisho akasema alhamdulillahi, akaingia ndani kusali.

Bi Mize aliishi Ibra miaka mingi baada ya hapo, na hapo alizikwa. Mimi nilimaliza skuli, nikasomea ualimu, nikafundisha Nizwa mpaka nilipostaafu, na Kiarabu nikakijua. Lakini sikuwahi kuyarudia yale. Kuna mambo mtu anayaweka kama chombo kizima kilichokaa vibaya, unaogopa kukigusa.

Ndiyo maana siku ile ya azaa, wageni walipoondoka na Muna akawa anaifuta ile mashine vumbi, nilisogea karibu na Umm Said nikamuuliza. Nilimuuliza kwa Kiarabu, yeye akanijibu kwa Kiswahili, kama tulivyozoea.

"Ule mwisho wa falaji, Umm Said. Ulikuwa wa filamu?"

"Filamu wapi," akasema. "Ile kipindi cha wakulima, televisheni. Walikuja Al Qabil, wakampiga picha baba. Nasor kanifundisha, bonyeza hapa na hapa. Nikabonyeza, nyinyi bado hamjaiona. Mimi nataka baba yangu, dubwana nalifanyia nini?"

"Na baba yako? Siku ile alituambia lilikuja, likavunja mitende."

"Baba alidhani mnauliza wadi, lile bonde la mvua. Ile mafuriko makubwa, mimi mdogo bado. Wewe na Kiarabu chako cha khutba. Angejuaje?"

Nilikaa. Muna alikuwa amesimamisha kitambaa, anasikiliza. Nikasema, "Ulijua. Mbona hukutwambia?"

Umm Said alijifunika ushungi vizuri, akatazama mlangoni alikokuwa akiingilia mumewe. "Nilitaka kusema," akasema. "Nikatazama, Bibi yako ameshakunywa maji."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi Muna akaniambia, "Bibi, wallahi hiyo filamu iko. Nimeipata. Na tafsiri chini." Muna anazipenda filamu hizo tangu udogoni. Mpya ikitoka anajua yeye kabla ya wenzake, na mara nyingi nimekaa naye nikitazama madubwana yanapigana, sijui nani namwombea kheri. Tukakaa chumba kile kile, milango wazi ili Umm Said katika chumba chake cha eda asijione peke yake. Kisiwa kikatokea, na mlima, na moshi. Nikayasoma maandishi. Yule mzee wa ndevu niliyemfanya mwonyaji wa kaumu yake alikuwa nahodha, anauliza mafuta ya meli yatafika saa ngapi. Yale maneno ya Kiyama yalikuwa habari za hali ya hewa. Msichana hakuwa akiliomba dubwana lirudi kwao; alikuwa anatafuta mbwa wake. Muna alicheka mpaka akalala kwenye takia. Mimi nilicheka pia, kisha nikaacha, kisha nikacheka tena. Dubwana peke yake halikuwa limebadilika. Bado lilisimama katikati ya mji, halijui pa kuweka mguu.

Likafika ufukweni. Likainama, likafungua mdomo. Nilimshika Muna mkono. Lilitoa sauti moja ndefu, likageuka, likaingia baharini, mawimbi yakafunika, yakaja maandishi ya Kijapani na muziki.

"Limekwenda wapi?" nikauliza.

"Hajulikani, Bibi."

"Kwao?"

"Kwao hana. Amelala tu. Mwaka wa pili anaamka tena, filamu nyengine. Na nyengine. Hii kitu hana mwisho, Bibi. Wakimaliza watauza nini?"

Nilitafakari hilo. Wajapani wenyewe, wenye dubwana lao, hawajui linakokwenda. Wamelitengeneza tangu kabla sijazaliwa na bado hawajalipatia pa kulala. Ule ukanda wetu tu, ulioharibiwa na mwanamke aliyetamani kumwona baba yake, ndio uliokuwa na mwisho, na mwisho wenyewe hakuutunga mtu. Bi Mize aliujenga uzee wake juu yake. Sijui nimshukuru Mungu kwa kosa au nimwombe msamaha kwalo. Nimesoma miaka yote hii na bado sijui. Nimeliacha kwake, Yeye ndiye anayejua maji yanatokea wapi.

Muna akaizima televisheni. Kutoka chumba cha pili Umm Said akakohoa kidogo, kisha akauliza kwa Kiswahili alichofundishwa na Bi Mize:

"Zuwena. Limeshafika kwenye falaji?"

"Bado," nikamjibu. "Liko njiani."